Breki ya Kushoto

Nililinunua kwa dalali wa Smolyan, bila kadi, bila kitabu,
trekta dogo la rangi ya chungwa iliyopauka,
fupi kuliko banda langu la mbuzi.
Farasi kumi na saba, akasema dalali,
akalipiga teke tairi kama anayemwamsha mlevi.
Maandishi ya Kijapani kila mahali,
kwenye gia, kando ya ufunguo, chini ya kiti:
vijumba vya wino visivyo na mlango.

Zdravko aliegemea ua wake akacheka.
"Stamena, hicho ni cha kuchezea watoto.
Mlima huu utakitafuna."
Sikumjibu. Mume wangu aliulima mlima huu kwa punda.
Punda akafa. Miaka miwili baadaye
naye akafa, na jembe likabaki
limelala palepale alipoliacha, katikati ya mfuo.

Gia nilijifunza kwa kukosea.
Bahati nzuri walichora sungura na kobe,
na hao hawahitaji mkalimani.
Mwaka mzima niliendesha kobe.

Oktoba, magunia sita ya viazi kwenye beleshi la mbele,
nikishuka, magurudumu ya nyuma yakanyanyuka
kimya,
kama mtu anayeinuka msibani asitake kuonekana.
Kati ya viatu vyangu nikaliona paa la Zdravko.
Nikashusha beleshi, kidole kwa kidole.
Dunia ikarudi chini ya makalio yangu.

Usiku huo sikulala. Alfajiri nilikata pipa katikati,
nikapanga nondo, nikamimina zege,
kilo mia mbili na arobaini, nikalining'iniza nyuma.
Asparuh fundi akanichomelea fremu ya mabomba juu ya kiti
ili siku nikibiruka nisipondwe kama kitunguu;
nikamlipa jibini, magurudumu mawili, naye akaomba la tatu.
Kulabu za minyororo kwenye mdomo wa beleshi nilichomelea mwenyewe.
Mbaya. Zinashika.
Taa ilitoka kwenye gari la marehemu.
Ngozi ya kondoo juu ya kiti: hiyo ni anasa, sioni haya.

Januari theluji ikafika madirishani.
Zdravko ana sukari, na dawa zake ziko bondeni.
Nilitembeza sungura kwa mara ya kwanza,
nikamfungulia njia hadi barabara kuu,
theluji ikiruka pande zote kama unga kinuni.
Jioni nilikuta dumu la mafuta ya haidroliki mlangoni,
jipya, na nyayo zinazorudi kwake.
Hakugonga.

Aprili alikuja Raliza, mjukuu wa mfamasia,
anayesoma Kijapani huko Sofia.
Akazunguka trekta akisoma kwa sauti:
Kagua mafuta. Usibebe abiria. Usiguse, moto.
Basi? Miaka mitatu nimeyapangusa kwa kitambaa safi
kama sanamu za kanisani!
Ndipo akafungua boneti, akafuta grisi kwa kiganja,
na chini yake palikuwa na mwandiko wa mkono:
*Breki ya kushoto huvuta. Uwe na subira.*

Miaka mitatu nilidhani ni mguu wangu.
Miaka mitatu nimeutukana mguu wangu.

Na kile kikulabu nyuma ya kiti, kilichochomelewa
vizuri kuliko chochote cha Asparuh?
"Labda cha mwavuli," akasema Raliza. "Labda chupa ya chai."
Hakuna jina. Mtu tu, mahali penye mvua,
aliyelijua hili kabla yangu, likamsumbua, likamlisha.

Breki nimeitengeneza juzi, kwa springi ya mashine ya kufulia.
Kisha nikachukua kalamu, chini ya mstari wake
nikaandika kwa herufi zetu,
ambazo kwa atakayekuja zitakuwa vijumba tu:
*Breki imepona. Mteremkoni, beba uzito nyuma.*
Zdravko alikuwa ananiita toka uani, anataka kulimiwa.
Nikafunga boneti wino haujakauka.